Jeki nyingi chini ya mzigo mmoja: siri ya kuinua bila kuvunja

KILA msimu wa korosho unapowadia, kati ya Oktoba na Januari, malori yaliyosheheni magunia hupanda na kuteremka barabara inayounganisha Masasi, iliyo chini miongoni mwa majabali yake, na Newala iliyo juu kwenye ukingo wa Uwanda wa Makonde. Si ajabu kulikuta moja limeegeshwa pembeni, utingo amepiga magoti, jeki imesimama juu ya kipande cha ubao na tairi limening'inia.

Kazi hiyo ya jeki moja kila dereva anaijua. Shida huanza pale kinachotakiwa kuinuliwa si pembe moja ya lori bali kitu kizima: paa la ghala ambalo nguzo zake zimeliwa na mchwa, tangi la chuma la maji, bwela la kiwanda, au sehemu ya daraja. Hapo jeki moja haitoshi, na jeki nne au kumi zisipokwenda sawa huwa hatari kuliko moja.

Mahitaji ya kazi za namna hiyo katika wilaya hizo mbili si ya kufikirika. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mkoani Mtwara mwaka 2007, korosho za mkulima hupitia ghalani kabla ya kufika mnadani, na ghala bovu limekuwa hasara ya wanachama wote. Kabla ya hapo kulikuwa na viwanda vikubwa vya kubangua korosho vilivyojengwa nchini kuanzia miaka ya 1970, vikiwamo vya Masasi na Newala. Vingi vilifungwa katika miaka ya 1980 baada ya zao kuporomoka kutoka tani 145,000 za msimu wa 1973/74, na baadhi ya majengo yake yakageuzwa kuwa maghala. Anayetaka kufufua majengo hayo leo hukutana kwanza na mapaa yaliyolala na mitambo iliyozama upande mmoja.

Kreni kubwa ingemaliza kazi kwa saa chache. Lakini kreni kubwa si chombo cha kuitwa kwa simu leo kikafika Newala kesho, na gharama yake huhesabiwa tangu kinapoondoka kilikokuwa hadi kinaporudi. Aidha, kreni haiwezi kuingia chini ya paa. Jeki huingia.

Wengi hudhani kwamba jeki hushindwa kwa sababu uzito ni mkubwa mno. Mara nyingi sivyo. Jeki nne za tani 5 kila moja zina uwezo wa jumla ya tani 20, lakini zinaweza kuzidiwa na mzigo wa tani 12, hata kama hakuna iliyo mbovu. Sababu yake ni ile ile inayofahamika jikoni.

Sufuria iliyowekwa juu ya mafiga matatu haiyumbi. Figa moja likiwa fupi, sufuria huinama kidogo, lakini hugusa mafiga yote matatu na kila moja hubeba sehemu yake. Ongeza figa la nne lisilolingana na mengine, na sufuria itaanza kucheza: itakaa juu ya mafiga mawili yanayotazamana, la tatu litaguswa kidogo tu, na la nne halitabeba chochote.

Mzigo mgumu juu ya jeki nne hufanya vivyo hivyo, ila hauchezi kwa macho. Jeki mbili za pembe zinazotazamana zikitangulia kwa milimita chache tu, hujikuta zimebeba karibu tani zote 12, yaani tani 6 kila moja, ilhali zimetengenezwa kwa tani 5. Mbili nyingine zimesimama pale kama mapambo. Paa la kenchi za mbao husamehe kiasi, kwa kuwa mbao hupinda kabla ya kuhamisha uzito. Boriti nene ya chuma au ya zege haisamehi.

Ndiyo maana wahandisi hupenda jeki tatu panapowezekana. Pasipowezekana, kila jeki huchaguliwa iweze kubeba walau nusu ya mzigo wote peke yake, si robo. Njia nyingine ni kuziweka jeki mbili chini ya boriti fupi inayoegemea katikati kama mizani, ili ziwe kama jeki moja na mzigo ubaki juu ya nukta tatu. Haya yote hupunguza madhara ya jeki kutangulia. Kuzizuia zisitangulie ni kazi nyingine, na hapo ndipo jeki ya skrubu inapojipatia heshima yake ya zamani.

Jeki ya skrubu ni chuma chenye nyuzi kinachozunguka ndani ya nati. Ikiwa nafasi kati ya uzi na uzi ni milimita 6, mzunguko mmoja kamili huinua mzigo milimita 6, si zaidi na si pungufu, uwe mzigo wa kilo 10 au wa tani 5. Kwa hiyo anayehesabu mizunguko anapima kimo. Jeki mbili zenye nyuzi zinazofanana, zikizungushwa idadi sawa, lazima zipande sawa.

Jeki ya mafuta, ile ya chupa inayopendwa na madereva, haina sifa hiyo. Ni nyepesi kuipampu na ina nguvu nyingi, lakini ukiunganisha jeki nne za mafuta kwa mipira kwenye pampu moja, mafuta hukimbilia penye uzito mdogo kwanza. Pembe nyepesi ya paa hupanda, pembe nzito hubaki chini. Ili zitii, zinahitaji vigawanyo vya mafuta na vipimo kwa kila moja, na muhuri mmoja wa mpira ukivuja, pembe moja hushuka usiku watu wamelala.

Jeki ya skrubu haishuki yenyewe. Msuguano kati ya nyuzi na nati ni mkubwa kiasi kwamba uzito hauwezi kuirudisha skrubu nyuma. Msuguano huo una bei yake. Katika jeki ya kawaida yenye giya ya kupunguza mwendo, takriban asilimia 15 tu ya nguvu inayoingia ndiyo inayoinua. Iliyobaki hupotea kama joto, na ndiyo sababu nati isiyopakwa grisi huungua. Hata hivyo, hasara hiyo ndiyo breki. Umeme ukikatika mzigo ukiwa nusu ya safari, kila kitu hubaki pale pale kilipo. Tahadhari ni moja: mtikisiko wa muda mrefu, kwa mfano wa malori yanayopita jirani, unaweza kuilegeza skrubu kidogo kidogo, kwa hiyo jeki inayolala na mzigo hufungwa.

Njia ya kwanza ya kuziendesha jeki nyingi kwa pamoja haihitaji umeme wala giya. Aprili 1860, jijini Chicago nchini Marekani, safu ya majengo ya matofali katika mtaa wa Lake iliinuliwa ili mtaa upate mifereji ya maji machafu. Watu 600 walikabidhiwa jeki za skrubu 6,000, kila mmoja jeki 10. Ishara ilipotolewa, kila mtu alizizungusha jeki zake kwa kipimo kile kile. Kwa siku tano majengo hayo, yaliyokadiriwa kuwa na uzito wa tani 35,000, yalipanda karibu mita 1.4 huku maduka ya ndani yakiendelea kuuza.

Kwa paa la tani 12 hesabu ni nyepesi zaidi. Jeki nne, kila moja ikibeba tani 3, zikiwa na nyuzi za milimita 6, huzungushwa kwa wenzo wa mita moja kwa msukumo wa takriban kilo 12 tu. Watu wanne wanatosha, na wa tano mwenye filimbi. Alama ya chokaa huchorwa kwenye kila skrubu. Filimbi ikilia kila mmoja huzungusha robo, sawa na milimita 1.5, kisha husubiri. Sentimita 30 ni filimbi 200. Ni kazi ya kuchosha, na adui wake ni mazungumzo: anayepoteza hesabu mara mbili amekwisha kuiacha pembe yake nyuma kwa milimita 3. Kwa sababu hiyo kila baada ya filimbi 10 hivi kazi husimama, na fundi hupima pembe zote kwa ule mpira wa maji unaotumika kusawazisha misingi ya nyumba. Mpira huo, unaouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi, ni kipimo cha kuaminika kuliko macho ya mtu yeyote.

Njia ya pili ni kuzifunga jeki zote kwenye shafti moja, ili isiwezekane moja kuzunguka bila nyingine. Mota huwekwa katikati. Shafti mbili hutoka kulia na kushoto hadi kwenye masanduku mawili ya giya za kona, na kila sanduku hutoa shafti mbili kwenda kwenye jeki mbili. Ukitazama kutoka juu utaona herufi H. Hapa hakuna anayehesabu, kwa kuwa chuma chenyewe ndicho kinachohesabu.

Kwenye kila jeki huwa na giya ya kupunguza mwendo, kwa mfano mizunguko 24 ya shafti kwa mzunguko mmoja wa skrubu. Mahali pa giya hiyo ni jambo linalopuuzwa mno. Ikiwekwa kwenye mota, kila mlegezo wa viungo vya shafti huonekana wote kwenye kimo. Ikiwekwa kwenye jeki, kosa hilo hugawanywa kwa 24: shafti ikijisokota nusu mzunguko mzima, kimo hupotea kwa kiasi cha milimita 0.125, ambacho paa haliwezi hata kukihisi.

Kwa mpango huo mzunguko mmoja wa shafti huinua robo ya milimita, na sentimita 30 huhitaji mizunguko 1,200. Shafti ikienda mizunguko 300 kwa dakika, kazi huisha kwa dakika nne, nayo hutumia takriban kilowati 1. Kwa akiba, mota ya nguvu ya farasi 3 inatosha kabisa, ndogo kuliko ile ya mashine ya kusaga unga. Mota inaweza kuzungusha shafti kwa mikanda bila wasiwasi. Mkanda ukiteleza, jeki zote hupunguza mwendo pamoja. Umeme usipokuwapo, mtu mmoja kwenye mkono wa kuzungushia, akipokezana na mwenzake, humaliza kazi ile ile kwa muda wa dakika 40.

Mpango wa shafti una mitego yake. Sanduku la giya za kona likifungwa kinyume hugeuza mwelekeo, na jeki moja huteremka wakati nyingine zinapanda. Kwa hiyo mtambo wote huendeshwa kwanza bila mzigo, kila jeki ikitazamwa. Shafti ndefu isiyo na beringi katikati huanza kupiga kama kamba ya kuruka pindi mwendo unapoongezeka. Kiungo kilichofungwa kwa boliti moja isiyo na ufunguo wa chuma kinaweza kuteleza kimyakimya. Shafti huzunguka, jeki imesimama. Mstari mmoja wa rangi uliochorwa kukatisha kiungo hufichua jambo hilo kabla halijawa ajali.

Njia ya tatu ni kuipa kila jeki mota yake. Huvutia kwa kuwa nyaya ni rahisi kuzitandaza kuliko shafti. Lakini mota mbili za aina moja hazizunguki sawa zikibeba mizigo tofauti. Moja ikienda mizunguko 1,440 kwa dakika na nyingine 1,460, mzigo ukipanda sentimita 30 tofauti itakuwa imefika milimita 4. Isitoshe, yenye mzigo mdogo ndiyo inayokimbia. Hivyo mota hizo huwekewa sensa za kuhesabu mizunguko, na mtambo mmoja unaozisimamisha zote mara tofauti inapovuka milimita chache.

Karakana za treni duniani huinua mabehewa kwa njia hiyo. Masasi yenyewe ilikuwa na treni katika miaka ya 1950, kwenye tawi la reli iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Nachingwea, kabla reli hiyo haijafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Jeki za karakana za siku hizi zina jambo moja linalostahili kuigwa hata gerejini: kila skrubu ina nati mbili. Ya juu hubeba mzigo. Ya chini huifuata bila kubeba chochote, zikiachana kwa upenyo mdogo. Nati ya juu inapolika, upenyo hupungua. Fundi haihitaji kuifungua jeki ili kujua umri wake. Anapima upenyo, na ukipungua kupita kiasi kilichowekwa na mtengenezaji, jeki hiyo haiingii tena chini ya behewa. Ikiwa nati ya juu itakatika ghafla, ya chini itaudaka mzigo.

Yote hayo hayana maana ikiwa ardhi yenyewe inashuka. Udongo wa Uwanda wa Makonde ni wa kichanga, mwekundu na wenye kina. Mvua huzama humo badala ya kusimama juu, na ndiyo asili ya shida ya maji ya Newala. Jeki yenye tani 5 juu ya kitako cha sentimita 20 kwa 20 hukandamiza udongo kwa kilo 12.5 kwa kila sentimita ya mraba, kiasi ambacho mchanga uliolegea hauwezi kukihimili. Ikiwekwa juu ya mataruma yaliyopangwa kufunika sentimita 60 kwa 60, mkandamizo hushuka hadi kilo 1.4. Jeki iliyozama milimita 20 ni sawa na jeki ambayo haikuzungushwa kabisa, na shafti haiwezi kulijua hilo. Mpira wa maji unalijua. Kazi ikiangukia wakati wa mvua, mfereji wa kuondoa maji huchimbwa kwanza.

Aidha, hakuna mtu anayepaswa kupita chini ya kitu kilichoshikwa na jeki pekee. Kadiri mzigo unavyopanda, mataruma hupandanishwa msalaba chini yake, yakiacha upenyo usiozidi unene wa ubao mmoja. Jeki ikifa, mzigo huanguka sentimita mbili tatu, si nusu mita. Mafundi wengi wa magari wameumia, na wengine kufa, kwa kuruka hatua hii kwa madai kwamba kazi ilikuwa ya dakika moja.

Suala la maji linaonyesha matumizi mengine. Tangu miaka ya 1950 maji ya Newala yamekuwa yakisukumwa kwa pampu kutoka mabondeni hadi kwenye matangi ya juu, na mradi huo wa Makonde umeingizwa katika mpango wa maji wa miji 28 unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya India. Sehemu nyingi duniani, tangi kubwa la chuma huanza kujengwa kwa juu: paa na mzunguko wa kwanza wa mabamba huungwa ardhini, jeki zilizopangwa kwa duara huviinua, kisha mzunguko unaofuata huchomelewa chini yake. Mchomeleaji habebwi juu ya jukwaa hata siku moja. Lakini tangi lisilo na kitako ni jepesi kupinda, na jeki moja ikichelewa, duara hugeuka yai na mabamba yanayofuata hayakutani.

Kwa madaraja kipimo huwa kidogo zaidi. Barabara ya Mtwara, Newala hadi Masasi ina kilomita 210, na katika mpango wa kuijenga kwa lami kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika limo Daraja la Mwiti upande wa Masasi. Kusini zaidi, huko Mtambaswala, kuna Daraja la Umoja lenye mita 720 juu ya Mto Ruvuma, lililofunguliwa Mei 2010. Madaraja ya boriti hukaa juu ya vitako vinavyochakaa kabla ya daraja lenyewe, na kuvibadilisha ni kuinua boriti zote za nguzo moja kwa pamoja, milimita chache tu. Hapo hutumika jeki za mafuta zenye nguvu kubwa, kila moja ikiwa na pete ya nyuzi shingoni. Mafuta huinua, kisha pete hukazwa kwa mkono, pampu huzimwa, na daraja hulala juu ya nyuzi za skrubu wakati mafundi wakiwa chini yake.

Kushusha kuna sheria zile zile na hupewa uangalifu mdogo zaidi, pengine kwa sababu kila mtu amechoka. Paa linapotua juu ya nguzo mpya, halitui juu ya zote kwa wakati mmoja. Nguzo ya kwanza kuguswa hubeba zaidi ya sehemu yake, hivyo fundi husimama hapo, akaweka vipande vya bati juu ya nguzo fupi hadi zote ziguse, ndipo jeki huendelea kuteremshwa robo kwa robo. Mataruma huondolewa tabaka moja moja kadiri nafasi inavyopatikana, na tabaka la mwisho huachwa chini ya paa hadi kesho yake asubuhi, mpira wa maji utakapopitishwa tena kwenye pembe zote nne.